Nani Aliweka Dawa Kwenye Sponji?

Wasee, kama unasoma hii ukiwa umejitupa kwenye kochi au umelala kwa godoro, uko juu ya stori yenyewe. Sponji hiyo, ambayo kiwandani huitwa poliyurethini, asili yake ni mafuta ya petroli, na wazima moto wa Marekani wana jina lao la kuitania: petroli ngumu. Ikishika moto haina mchezo. Ndiyo maana kila bweni linapoungua hapa Kenya hukosi kusikia mtu akiuliza: mbona serikali isilazimishe viwanda kutia dawa ya kuzuia moto kwenye magodoro ya shule?

Nimelisikia swali hilo mara nyingi, hata mezani kwetu, mathe akiwa wa kwanza kuliunga mkono. Ni swali la haki. Mzazi aliyepoteza mtoto huwezi kumwambia ati angoje kwanza tusome historia. Lakini mimi na wewe tuna nafasi ya kusoma, na historia ipo, ndefu na chafu. Jimbo la California lilijibu swali kama hilo mwaka 1975 kwa kusema ndiyo. Iliwachukua karibu miaka 40 kubadilisha jibu.

Twende pole pole. Mwaka 1937 huko Leverkusen, Ujerumani, mwanakemia Otto Bayer na wenzake waligundua njia ya kutengeneza poliyurethini. Sponji laini ya kukalia ilikuja sokoni kwa wingi miaka ya 1950. Kanuni yake ukiisikia utadhani ni mapishi: unachukua vimiminika viwili, kimoja kinaitwa polioli na kingine mara nyingi ni TDI, unatia maji kidogo na vichocheo, halafu unarudi nyuma. Maji yakikutana na TDI hutoa hewa ya kaboni dioksaidi, na mchanganyiko mzima unaumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira nyingi. Ndani ya dakika chache una bonge la sponji refu kuliko gari. Nyepesi, rahisi, na inakatika kwa kisu. Pamba, sufi na manyoya ya farasi vikaanza kuondoka kwenye viti vya dunia nzima.

Shida ni kwamba sponji hiyo ni hewa nyingi iliyozungukwa na kuta nyembamba za kitu kinachowaka. Moto hauhitaji kubembelezwa. Tena mara nyingi kinachoua watu mapema ni moshi: mweusi, mzito, wenye kaboni monoksaidi na sianidi ndani yake. Tarehe 8 Mei 1979, duka la Woolworths katikati ya jiji la Manchester, Uingereza, liliungua. Moto ulianzia kwenye viti vya sponji vilivyokuwa vimepangwa dukani. Watu 10 walikufa, mchana kweupe, kwenye jengo lililojaa wateja. Uingereza haikusahau, na mwaka 1988 ikaweka sheria kali ya samani na moto.

Kwa hivyo hakuna anayebisha kwamba tatizo lilikuwepo. Ugomvi ni juu ya dawa.

Dawa zenyewe ni familia kubwa. Zilizotawala kwa muda mrefu zina bromini au klorini, nyingine zina fosforasi, nyingine vyote viwili. Zile za bromini na klorini hufanya kazi hivi: sponji ikipata joto, dawa inaachilia chembe zake, na chembe hizo zinaingia ndani ya mwali na kuvuruga mnyororo wa kemia unaoufanya uendelee kuwaka. Inaonekana fiti. Lakini mwali uliovurugwa ni mwali usiomaliza kuunguza kilichopo, kwa hivyo ukiendelea kuwaka hata hivyo, unapata masizi zaidi na kaboni monoksaidi zaidi. Halafu kuna jambo la pili ambalo ndilo lililoleta balaa. Dawa nyingi kati ya hizi hazijafungwa kwenye sponji. Zimechanganywa tu. Ni kama mafuta uliyojipaka mwilini: yatashika shati, yatashika shuka, yatashika mto. Dawa inatoka polepole mwaka baada ya mwaka, inaingia kwenye vumbi la nyumba, vumbi linaingia mikononi, na mikono ya mtoto anayetambaa unajua huishia wapi.

Kabla sijafika California, lazima nipitie Michigan, kwa sababu hapo ndipo dunia iliona kinachotokea mtu akizembea na vitu hivi hata kabla havijafika sebuleni.

Dawa ya Michigan haikuwa ya sponji, ilikuwa ya plastiki ngumu, na iliitwa PBB. Kampuni ya Michigan Chemical, iliyokuwa kwenye mji mdogo wa St. Louis, jimbo la Michigan, iliuza PBB kwa jina FireMaster. Kampuni hiyo hiyo, kiwanda hicho hicho, iliuza pia madini ya kuongezea chakula cha ng'ombe kwa jina NutriMaster. Ebu soma majina hayo mawili tena. Moja sumu, moja chakula, yote yanaishia vilevile, na unga wa vyote ulifanana. Mwaka 1973 mifuko ikachanganyika. FireMaster ikapelekwa kwenye kinu cha chakula cha mifugo, ikakorogwa, ikauzwa kwa wafugaji.

Ng'ombe wakaanza kukataa chakula, maziwa yakapungua, kwato zikaota vibaya, ndama wakafa. Wafugaji walipolalamika waliambiwa ati hawajui kutunza mifugo yao. Aliyevunja ukuta huo ni mfugaji mmoja, Rick Halbert, ambaye kwa bahati alikuwa amesomea kemia. Alituma sampuli huku na huku hadi mwaka 1974 ikajulikana ni PBB. Wakati huo watu wa Michigan walikuwa wameshakula nyama, wamekunywa maziwa na kula mayai kwa miezi. Mamia ya mashamba yalifungwa. Ng'ombe wapatao 30,000 na kuku milioni 1.5 waliuawa na kuzikwa. Wanasayansi bado wanawafuatilia watu wa Michigan na watoto wao, kwa sababu PBB ikiingia kwenye mafuta ya mwili haitoki leo wala kesho.

Nimekaa hapo Michigan makusudi. Jamaa mmoja tuliyesoma naye alipata kibarua kwenye kiwanda cha magodoro, sitasema kipi. Kazi yake ilikuwa kuhamisha vimiminika kutoka mapipa makubwa hadi mitungi midogo ya kupimia. Mitungi haikuwa na lebo. "Unajua tu kwa rangi na harufu," aliniambia, kama mtu anayejisifu. Buda, harufu! Kati ya vitu alivyokuwa akinusa kuna TDI, ambayo ni mojawapo ya visababishi vinavyojulikana sana vya pumu ya kazini. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishaizoea kwa njia mbaya, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kukubana kifua. Ukisubiri hadi uisikie harufu yake, umeshavuta kupita kiasi kinachokubalika.

Kwa hivyo wacha niweke hapa mambo ambayo mtu wa kiwandani anapaswa kuambiwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo. Kila chombo kina lebo, hata kile cha kutumia dakika tano. Kila kemikali ina karatasi ya maelezo ya usalama inayokuja nayo kutoka kwa muuzaji, na mfanyakazi ana haki ya kuisoma, au kusomewa kwa lugha anayoelewa. Dawa za kuzuia moto za sponji nyingi ni vimiminika kama mafuta mazito. Hazichomi ngozi papo hapo, na hapo ndipo mtego ulipo, maana mtu anaona hajaumia anaendelea kushika kwa mikono mitupu, kumbe baadhi zinapita kwenye ngozi. Glavu zisizopitisha kemikali, si zile za pamba za kubebea mawe. Miwani. Mashine ya kuvuta hewa chafu pale mchanganyiko unapomwagwa. Ukiwa huko hakuna kula wala sigara, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya chai. Ovaroli inabaki kazini, usiende nayo nyumbani ukambebe mtoto.

Ikimwagika, usiipige maji ya mpira iende mtaroni. Mtaro unaenda mtoni. Mwaga mchanga mkavu au kitu kingine cha kunyonya, kusanya, weka kwenye chombo chenye lebo, kitolewe kama taka ya hatari. Na maji yasiingie kamwe kwenye pipa la TDI halafu ukalifunga: ile hewa niliyosema inaumua sponji itajaa ndani ya pipa hadi lipasuke.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa nje hawaifahamu. Bonge la sponji likitoka tu kwenye mashine, katikati yake bado kunachemka. Joto la ndani linaweza kupita nyuzi 130, na kwa sababu sponji ni kizuizi kizuri cha joto, halina pa kutokea. Kipimo cha kemikali kikikosewa, bonge hilo linaweza kujiwasha lenyewe masaa kadhaa baadaye, usiku, wakati mlinzi pekee ndiye yuko. Ndiyo maana mabonge mapya huwekwa mbali mbali, kwenye jengo lao, yakapoe hadi kesho yake. Kiwanda kinachoyapanga moja juu ya lingine ili kuokoa nafasi kinacheza kamari. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na ahakikishe kemikali zina lebo. Ipo kwenye vitabu tangu wengine wetu tukiwa chekechea.

Haya, turudi Marekani.

Mwaka 1977 kilichowashtua Wamarekani kilikuwa nguo za kulalia za watoto. Miaka michache kabla, serikali yao ilikuwa imeweka masharti kwamba pajama za watoto zisishike moto ovyo, na viwanda vikajibu kwa kutia kemikali ya bromini iitwayo Tris. Mwezi Januari 1977, wanasayansi wawili wa Berkeley, Arlene Blum na Bruce Ames, walichapisha makala kwenye jarida la Science wakionya kwamba Tris inabadilisha chembe za urithi na huenda inaleta saratani. Kama miezi mitatu baadaye ikapigwa marufuku kwenye nguo za watoto. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba watoto waliovaa pajama hizo walikuwa na mabaki ya dawa kwenye mkojo wao. Yaani ilitoka kwenye nguo, ikapita ngozi, ikaingia mwilini.

Sasa skiza hii, maana inatuhusu sisi wa huku tunaovaa mitumba. Nguo zilizopigwa marufuku zilienda wapi? Baadhi ya wafanyabiashara walianza kuziuza nje ya nchi. Kwa mtoto wa Marekani ni sumu, kwa mtoto wa nchi nyingine ni bei poa. Ilibidi hadi mwaka 1978 ndipo serikali ya Marekani ikazuia na mauzo hayo ya nje.

Viwanda vilibadilisha bromini na kuweka klorini, wakapata Tris mpya. Blum na Ames wakaipima nayo, ikaonekana nayo inaharibu chembe za urithi. Ikaondolewa kwenye pajama. Watu wakadhani imekwisha. Kumbe ilihamia kwenye sponji za makochi, na mwaka 2011 watafiti walipopima sponji za bidhaa za watoto 101, viti vya gari, mito ya kunyonyeshea, magodoro madogo, dawa waliyoipata mara nyingi zaidi ilikuwa hiyo hiyo Tris ya klorini. Haikuwa imepigwa marufuku kwenye sponji, ndiyo sababu. Iliondolewa kwenye nguo tu. Mimi hapo ndipo niliposimamisha kusoma nikaenda kutembea kidogo.

Ilifikaje kwenye sponji? Kwa kanuni ya California ya mwaka 1975, iliyoitwa TB 117. Kanuni hiyo ilitaka sponji tupu, bila kitambaa, istahimili mwali mdogo kama wa mshumaa kwa sekunde 12. Njia rahisi ya kufaulu mtihani huo ilikuwa kutia dawa, na dawa nyingi: sponji ya kochi ingeweza kubeba hadi asilimia 5 ya uzito wake. California ni soko kubwa, na viwanda havikutaka kutengeneza makochi aina mbili, kwa hivyo Marekani nzima ikajikuta imekalia dawa.

Nani anakalia sponji tupu? Kochi lina kitambaa juu. Moto wa kweli unaanzia kwenye kitambaa, na ukishafika kwenye sponji si mwali wa mshumaa tena, ni moto mkubwa. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kochi lenye sponji iliyotiwa dawa kwa kiwango cha TB 117 halikuwa na nafuu ya maana kuliko lisilo na dawa. Mtihani ulikuwa unapima kitu ambacho hakitokei sebuleni.

Na moto wa sebuleni miaka hiyo ulikuwa unaanzishwa na nini? Sigara. Msee anavuta kwenye kochi, usingizi unamchukua, sigara inaanguka. Sigara ndiyo iliyoongoza kwa kusababisha moto uliowaua Wamarekani majumbani. Suluhisho lilijulikana: tengeneza sigara inayozimika yenyewe ikiachwa. Kampuni za sigara hazikutaka kusikia. Badala yake zilitumia doo kujenga urafiki na maafisa wa zima moto, na mjadala ukasukumwa kutoka kwenye sigara hadi kwenye kochi. Mtu wa taasisi ya tumbaku ndiye aliyesaidia kuunda na kuendesha chama cha kitaifa cha wakuu wa zima moto wa majimbo. Jimbo la New York lilikuja kulazimisha sigara zinazozimika mwaka 2004, na mwaka 2011 majimbo yote yalikuwa yamefuata. Ni mabadiliko ya karatasi tu ya sigara. Karatasi!

Huku nyuma dawa iliendelea kusafiri. Uswidi walikuwa na hazina ya maziwa ya akina mama yaliyohifadhiwa kwa miaka mingi. Walipoyapima, waligundua kwamba kati ya 1972 na 1997 kiwango cha dawa za aina ya PBDE kilikuwa kinajirudia mara mbili kila miaka mitano. PBDE ya sponji za Marekani ilikuwa ile iitwayo penta. Walipopimwa Wamarekani, miili yao ilikuwa na mara 10 na zaidi ya Wazungu wa Ulaya. Wazima moto wa California, wale ambao dawa hii ilisemekana inawasaidia, walikutwa na viwango vya juu kuliko raia wa kawaida. Tafiti zimeihusisha PBDE na matatizo ya tezi ya thairoidi na ya ukuaji wa ubongo wa watoto. Kampuni iliyokuwa ikiitengeneza penta Marekani iliacha mwishoni mwa 2004. Mwaka 2009 ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa sumu zinazodumu, mkataba ambao Kenya ni mwanachama tangu 2004.

Ungedhani kufikia hapo California ingefuta TB 117. Miswada ilipelekwa bungeni, ikafa mmoja baada ya mwingine. Kwa nini? Mwezi Mei 2012 gazeti la Chicago Tribune lilijibu kwa mfululizo wa makala. Kundi lililojiita Citizens for Fire Safety, Wananchi wa Usalama wa Moto, lilikuwa likifika bungeni likisema linawakilisha wazima moto, madaktari na raia. Gazeti lilionyesha kwamba fedha zake zilitoka kwa kampuni tatu kubwa zaidi duniani za kutengeneza dawa hizo: Albemarle, ICL na Chemtura. Shahidi wao maarufu, daktari wa majeraha ya moto David Heimbach, aliwasimulia wabunge juu ya mtoto mchanga aliyeungua kwa mshumaa akiwa amelazwa juu ya mto usio na dawa. Ukumbi ulinyamaza. Gazeti lilitafuta mtoto huyo na halikumpata. Alikuwa ametoa masimulizi tofauti kwa nyakati tofauti, na hakuna kilicholingana na kumbukumbu. Mwaka 2014 alirudisha leseni yake ya udaktari.

Mimi uongo huo unanikera kuliko kemikali. Mtoto aliyeungua ndiye aliyetumiwa kuuza kitu kilichokuwa kinaingia kwenye miili ya watoto wengine.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Gavana Jerry Brown, ambaye kwa mchezo wa historia ndiye aliyekuwa gavana hata mwaka 1975, aliagiza kanuni iandikwe upya. Mpya inaitwa TB 117-2013, na ikawa lazima kuanzia Januari 2015. Inapima kitambaa cha juu dhidi ya sigara inayofuka, pale moto unapoanzia kweli, na unaweza kuifaulu bila dawa yoyote kwenye sponji. Mwaka 2018 California ikapitisha sheria ya kukataza dawa hizi kwenye bidhaa za watoto, magodoro na samani za sponji, ikaanza kazi 2020.

Kwa magodoro kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu 2007 Marekani ina kipimo cha kitaifa cha moto kwa magodoro, tena kikali, na viwanda vingi vinakifaulu kwa kuweka utando wa kitambaa kisichowaka kati ya sponji na kitambaa cha juu. Sponji yenyewe haiguswi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema lazima uchague kati ya sumu na moto, anakuuzia kitu.

Turudi nyumbani sasa, kwa swali la mathe.

Kyanguli, Machakos, Machi 2001. Vijana 67 walikufa. Petroli ilimwagwa bwenini usiku, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Niambie ni dawa gani ya sponji ingeshinda petroli na mlango uliofungwa. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Kati ya misiba hiyo miwili kuna mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 kutoka Wizara ya Elimu, na nimeusoma. Unasema nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Mlango wa dharura uwepo. Madirisha yasiwe na vyuma. Hakuna kemikali hata moja kwenye orodha hiyo. Ni fundi mbao, fundi chuma na mwalimu mwenye futi ya kupimia.

Mimi nililala kwenye bweni ambalo ungeweza kuamka ukajikuta umeshika mguu wa jirani. Vitanda viliguzana. Dirisha la upande wangu lilikuwa na vyuma vinene kama vya selo, na tuliambiwa ni vya kutulinda na wezi.

Ninachohofia ni hiki. Siku tukisema "magodoro ya shule yatiwe dawa", wenye shule watanunua godoro lenye kibandiko, watalipiga picha, na vyuma vitabaki dirishani. Kibandiko ni rahisi kuliko kubomoa ukuta. Na wanaotengeneza godoro hilo, akina jamaa yangu na mitungi yake isiyo na lebo, wataongezewa pipa moja zaidi la kunusa. Kama kuna hela ya kuongeza kitu kwenye godoro, mimi ningeomba ule utando wa kitambaa, na kengele ya moshi juu ya dari, ambayo bei yake haifiki hata ya godoro moja zuri.

Halafu kuna sponji kuukuu. Mkataba wa Stockholm, pamoja na kuikataza penta, uliacha mwanya: bidhaa zenye PBDE hizo zinaweza kurejelezwa na kutengenezwa bidhaa nyingine hadi mwaka 2030. Sponji ya kochi la Marekani la mwaka 1995 inaweza kusagwa, ikagundishwa kwa gundi, ikawa mkeka wa chini ya zulia au kijazo cha kitu kingine, na sponji haiandikwi umri wake. Fundi wa kochi huku mtaani anaponunua mabaki ya kujazia mito, hana njia ya kujua yametoka wapi. Kama ni wewe, vaa barakoa unapoyapasua, fanyia nje, usimruhusu mtoto kulala kwenye rundo la mabaki, na vumbi lake ulifute kwa kitambaa kibichi badala ya kulifagia kavu likarukia sufuria. Wala usiyachome kuota moto asubuhi, hata ya bure. Moshi wake ni ule ule wa Manchester.

Jamaa yangu bado yuko kiwandani. Nilimtumia stori ya Michigan, akasoma yote, akajibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde nane: "Aisee, kesho nabeba makapeni."

Tumeshauriana abebe ya wino usiofutika, kwa sababu polioli inateleza na wino wa kawaida unaondoka.